Mwanga Juu ya Kaunta

"Niambie tena," Inspekta Cirhuza alisema.

Gérard akashusha pumzi ndefu, kwa maringo ya mtu anayesumbuliwa bure. "Chef, nilishakuambia mara ngapi? Courant ilikatika. Giza tupu. Nikasikia Constantin analia. Kisha courant ikarudi, na palepale skana ya yulu ya kontwari ikawaka. Mwanga ukaanguka ku kontwari. Nikamuona Ignace na macho yangu mbili, anaruka, carton iko mu mikono."

"Palepale?"

"Palepale. Ata muntu hakumaliza kuhema."

"Na skana zile nyingine?"

"Zingine sikuangalia. Miye niliangalia mwizi."

Inspekta Cirhuza Léopold aliandika maneno hayo, ingawa angeweza kuyasoma kwa kichwa kama Baba Yetu. Ndicho hasa kilichomkera. Watu wote wengine waliokuwa ndani ya dansingi usiku ule walikuwa wanajikanyaga: huyu anasema mwanga ulirudi, yule anaapa giza halikuisha mpaka alipofika nyumbani, wa tatu alikuwa amelewa na hakumbuki hata kama kulikuwa na kuta. Gérard peke yake hakubadilisha neno hata moja. Mpelelezi mwingine angemshukuru Mungu kwa shahidi kama huyo. Cirhuza alitamani kumrushia kiti.

"Nenda," alimwambia. "Lakini usivuke mto Ruzizi."

"Nitavuka kwenda wapi, chef? Maman yangu mudogo ananihitaji." Akatoka, akiacha mlango wazi.

Kesi yenyewe, ukiisikia juu juu, ilikuwa nyepesi. Maman Delphine, mama wa biashara asiyejua kushindwa, alikuwa na dansingi, ukumbi wa muziki na dansi, kule Nguba, karibu na ziwa, na watu waliiita Chez Delphine. Katika mji mzima hakukuwa na dansingi nyingine yenye skana. Skana ni taa nzito ya bati inayofungwa darini; mbele yake kuna kioo kidogo kinachogeuzwa na mota, na mwanga hukimbia sakafuni na ukutani kwa kufuata muziki. Maman Delphine alizinunua nne kutoka ukumbi uliofungwa huko ng'ambo, Brisele, zikiwa tayari zimechoka. Zilipofika Bukavu balbu zake zikaanza kufa moja moja, na akiba ilipoisha, nyingine hazikupatikana hapa, wala Goma, wala Kinshasa. Mwishowe msafiri mmoja akaleta carton ya balbu mpya kupitia Kigali. Carton ilifika jioni, ikawekwa chini ya kaunta, na Constantin, mhudumu wa miaka mingi, akaambiwa asiondoke hapo. Usiku huohuo umeme ukakatika. Uliporudi, Constantin alikuwa sakafuni amepasuliwa kichwa kwa chupa, na carton haipo.

Mshtakiwa alikuwa Ignace, fundi na mpiga muziki wa dansingi. Nani mwingine angejua thamani ya balbu zile? Gérard, mpwa wa Maman Delphine, alikuwa amemwona akiruka kaunta na carton mikononi. Kwa Substitut Adalbert, mwendesha mashtaka aliyeshika faili, hayo yalitosha na kusaza.

"Jioni ya leo ninasaini aende gereza kuu," substitut alikuwa amemwambia Cirhuza asubuhi, akinyoosha kola ya abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai. Wenzake walikuwa wamerudia tai tangu ziliporuhusiwa tena, yeye bado. "Unanipa hisia, inspekta. Nipe kitu ninachoweza kushika."

Cirhuza hakuwa na kitu cha kushika. Alijua tu kwamba mtu akishaingia gereza kuu, faili lake hulala, na mwenye faili huamka akiwa mzee, kama anaamka. Constantin bado alikuwa hospitali, hajafungua macho. Akifa, Ignace atakuwa muuaji, na hapo hata malaika hatamtoa.

Nje, chini ya upenu, Emérence, mke wa Ignace, alikuwa amekaa juu ya jiwe na mtoto mgongoni, bakuli la bugali na sombe magotini. Alisimama alipomwona inspekta.

"Papa inspecteur, banasema banamupeleka leo. Ni kweli?"

"Nani amesema?"

"Askari wote banasema."

Cirhuza akamtukana moyoni kila askari mwenye mdomo. "Bado hajapelekwa. Nipe hicho chakula nimpelekee."

Ignace alikuwa kwenye kachoti ya nyuma, chumba cha mahabusu, amejikunyata pembeni, shati limemshuka mabegani. Alikula tonge mbili akaacha.

"Tuanze upya," Cirhuza alisema. "Umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Chini ya meza yangu, chef. Nilipiga magoti niko nachomoa ma-ampli ya muziki. Courant ikirudi, inarudi na hasira, inaunguza kila kitu. Maman naye alishusha swichi kubwa sababu ya frigo. Kila muntu hapa Bukavu anafanya vile."

Hilo lilikuwa kweli. Nyumbani kwa Cirhuza mwenyewe, umeme ukikatika tu, mkewe hukimbilia redio kabla ya kuwasha mshumaa. "Kama Maman alishusha swichi kubwa, skana ziliwakaje?"

"Ziko na njia yake. Nilizivutia waya peke yake kutoka ku compteur, ku mita yenyewe."

"Na ukiwa chini ya meza, nani alikuona?"

"Nani ataniona mu giza, chini ya meza?"

"Sasa sikia. Zile skana zina balbu gani?"

Swali hilo Cirhuza aliliuliza kwa kupapasa tu, kwa sababu hakuwa na lingine. Lakini Ignace akainamisha uso ghafla, akaanza kukusanya makombo ya bugali kana kwamba yana thamani.

"Ampule ya skana, chef."

"Zote nne?"

"Zote. Ziko nzuri."

"Ignace."

"Ziko nzuri, chef. Nazisafisha kila wiki."

Cirhuza alimtazama mpaka akachoka. Mtu huyu alikuwa anadanganya. Maji yamemfika shingoni, mkewe analia nje, na bado anaficha kitu! Inspekta alitoka akafunga mlango wa kachoti kwa kishindo, na hasira nusu ilikuwa ya Ignace, nusu yake mwenyewe, maana alianza kujiuliza kama si yeye anayempigania mwizi.

Alipanda mtaa wa Kadutu, mlimani, kwa miguu, kwa sababu jeep ya kazi ilikuwa imeenda Walungu na haikujulikana itarudi lini. Polycarpe, aliyewahi kupiga muziki Goma kabla ya kuharibika sikio, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Kuta zote zilijaa matumbo ya redio. Cirhuza alipomtajia skana, Polycarpe alicheka, akafukua chini ya meza na kutoa balbu ndogo ya kioo, nyeusi upande mmoja.

"Hii njo ilikufa Goma, mikononi mwangu. Niliitunza kwa kilio."

Cirhuza akanyoosha mkono aichukue.

"Usiiguse na vidole!" Polycarpe alifoka, kisha akakumbuka anaongea na nani. "Inspekta, unisamehe. Ni mazoea. Mafuta ya mukono inabakia ku kioo, ikipata moto inapasuka. Unaishika na kitambaa safi, unaipangusa na alcool. Kioo cha mbele nacho unakisafisha, sababu ya moshi ya sigara. Na ile ventilateur ya nyuma, ya kuipoza, ikijaa vumbi, kwisha. Batu banasema ampule mubaya, kumbe ni uchafu yao."

"Sawa. Ninataka kujua moja tu. Umeme ukikatika ukarudi, hii inawaka?"

"Hii?" Polycarpe akaigeuza juani kwa kitambaa. "Hii haina waya ndani, inspekta. Angalia. Ni gaz inawaka, nyeupe kama maziwa. Ikizimika na moto wake, haiwake tena mpaka ipoe. Unaweza kuiletea courant ya barrage yote ya Ruzizi. Itakuangalia tu."

"Inachukua muda?"

"Mu Goma tulikuwa tunaimba na kupiga makofi mpaka iwake."

Cirhuza alisimama katikati ya kibanda kile na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alihisi damu ikimkimbia vizuri. Palepale, alisema Gérard. Ata muntu hakumaliza kuhema. Kumbe haiwezekani! Kaunta ilibaki gizani, na shahidi asiyebadilisha neno alikuwa ameona kitu ambacho hakuna jicho lingeweza kukiona.

Alimshukuru Polycarpe mara tatu na kushuka mlima akikaribia kukimbia.

Kumpata substitut hakukuwa rahisi, na kumtoa ofisini kulikuwa vigumu zaidi. Alikubali mwishowe, akilalamika njia nzima kuhusu mawingu yaliyoanza kukusanyika juu ya ziwa. Maman Delphine aliwafungulia dansingi yake, ambayo tangu usiku ule ilikuwa imefungwa kwa lakiri ya serikali, hakuna aliyeingia. Mchana ule ukumbi ulinuka bia kuukuu na vumbi. Mapazia mazito yalipofungwa, giza likawa la kweli.

"Gérard yuko wapi?" Cirhuza aliuliza.

"Nilimutuma Nyawera kutafuta makreti," Maman Delphine alisema. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na uso wa mtu ambaye biashara yake inaoza. "Inspekta, unanifungulia lini? Mbona mwizi muko naye?"

"Leo, Maman, Mungu akipenda."

Askari mmoja alisimama kwenye mita ya umeme. Aliwasha njia ya skana. Zilianza kwa kusita, zikatoa sauti za mota, kisha taratibu mianga ikakua mpaka ikawa myeupe kweli, kama alivyosema fundi. Ile iliyoning'inia upande wa kaunta ilikuwa na rangi ya siagi kidogo. Cirhuza aliiona, akadhani ni uchafu wa moshi, akaendelea kufurahi. Aliacha taa zipate moto. Alimweleza substitut yote aliyofundishwa Kadutu, kwa ufasaha uliomshangaza hata yeye.

"Sasa," akamwita askari, "zima! Na uwashe tena hapohapo."

Giza. Mlio wa swichi. Na skana ya upande wa kaunta ikawaka, palepale, kabla mtu hajamaliza kuhema.

Zile tatu zilibaki nyeusi.

Kisha Substitut Adalbert akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Inspekta, umenitoa ofisini nije kuthibitisha maneno ya shahidi wa mashtaka?"

"Haiwezekani," Cirhuza alisema.

"Inawaka mbele ya macho yako."

Cirhuza aligeukia dari. Aliitazama taa ile kama adui. Alikuwa amepanda Kadutu na kushuka, amemburuta mkubwa wake, amejipigia debe mbele ya watu, akaambulia patupu. Tena si patupu tu: alikuwa ameifunga kamba ya Ignace kwa mikono yake. Aliamuru taa zote zizimwe kabla hajatamka neno la kumharibia kazi.

Walipofungua mlango, Gérard ndiyo kwanza anaingia uani na mkokoteni wa makreti. Substitut alimwambia akipita, "Kijana, ile taa yako imewaka kweli." Gérard akatabasamu, meno yote nje.

Hapo mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika yote kwa pamoja kama mvua za Bukavu zinavyofanya, na njia ya kwenda mjini ikageuka mto wa matope mekundu. Substitut akarudi chini ya upenu akilaani. Maman Delphine akamletea kiti na bia. Kwa muda huo hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

"Kaa na huyu kijana hapa nje," Cirhuza alimnong'oneza askari. "Asiingie ndani. Wala asiongee na mtu."

Alikuwa hajui bado kwa nini anasema hivyo. Alijua tu kwamba taa tatu zimekataa na moja imekubali, na ile moja ina rangi ya siagi, na huko kachotini kuna mtu aliyeinamisha uso alipoulizwa balbu. Alivuta ngazi, akapanda, akafungua tumbo la ile skana kwa bisibisi ya Maman Delphine, akajiunguza kidole gumba na kutukana kwa Kimashi. Ndani, penye nafasi ya ile balbu ya gesi, palikuwa na balbu nyingine kabisa, yenye waya, iliyofungwa kwa kipande cha bati la maziwa. Kando yake kulikuwa na transfoma ndogo ya kijivu. Juu ya transfoma mtu alikuwa ameandika zamani kwa rangi nyeupe: KATEKISIMU, kama ilivyoandikwa kwenye projekta ya picha ya parokia.

Cirhuza alikaa juu ya ngazi na kucheka peke yake, kicheko kisicho na raha hata chembe.

Hakungoja mvua iishe. Alichukua gari la Maman Delphine bila kuomba sana, akafika kituoni ameloa mpaka soksi. Emérence alikuwa bado juu ya jiwe lake. Alimpita bila kumtazama, kwa sababu angemtazama angelazimika kumwahidi kitu.

"Projekta ya parokia," alimwambia Ignace kupitia nondo.

Ignace aliziba uso kwa viganja.

"Mimi ninakimbia mji mzima kwa ajili yako! Nimesimama mbele ya substitut kama mjinga! Kwa nini hukusema?"

"Nilisikia haya, chef." Sauti ilitoka kati ya vidole. "Ile ampule ya kweli ilipasuka. Maman alisema, ingine ikikufa, nitafute kazi fasi ingine. Père wa parokia aliniachia ile projekta nitengeneze, batoto ba katekisimu baone picha za Pasaka. Nikatoa ampule na transfo. Nilisema nitarudisha. Jioni carton ikafika, skana iko moto, dansingi inafunguliwa, nikasema nitabadilisha kesho."

"Uliogopa kufukuzwa kazi, ukakubali kunyongwa?"

"Mutu anaiba mu kanisa, chef. Nani atamusadiki kwa ingine?"

Cirhuza alishika nondo mpaka vidole vikamuuma. Alitaka kumpiga na kumkumbatia, na kwa kuwa polisi hafanyi hata moja kati ya hayo, aliuliza: "Uliiweka lini?"

"Ile siku yenyewe. Mchana. Nilifunga mulango, mutu asione."

"Sikiliza vizuri. Nilipoijaribu leo, mwanga ulianguka kwenye mlango wa depo, ile stoo iliyo kando ya nguzo. Tulikuwa tunatazama taa, hakuna aliyejali ulikoangukia. Kwa nini pale?"

Ignace alishusha viganja. "Pale njo fasi yake ya kulala. Courant ikirudi, mota inarudisha kioo pale. Inabakia mpaka miye nibonyeze ku meza yangu."

"Siku zote?"

"Siku zote. Lakini ampule ya gaz inachelewa. Ikishawaka, nilishabonyeza zamani, kioo kiko nacheza. Mutu hawezi kuona mwanga pale ku mulango."

"Na usiku ule?"

"Usiku ule niliunganisha tena ma-ampli kwanza. Niliposikia banalia 'Muziki! Muziki!' njo nikasimama, nikabonyeza."

Cirhuza aliyapanga maneno hayo polepole, akiogopa yasimponyoke kama ya Kadutu. Mwanga ulirudi palepale. Gérard hapo alisema kweli. Lakini haukwenda kaunta. Ulikwenda mlango wa depo, ukakaa pale mpaka Ignace alipobonyeza. Kama kaunta iliangazwa, basi Ignace alikuwa kwenye meza yake, upande wa pili wa ukumbi, anabonyeza, na hawezi kuwa anaruka kaunta. Kama hakuwa kwenye meza, basi kaunta ilikuwa giza, na Gérard hakuona mtu. Upande wowote uushikao, shahidi anavunjika.

Ila kwa substitut hayo yangekuwa maneno ya mshtakiwa mwizi wa parokia dhidi ya mpwa wa mwenye nyumba. Kitu cha kushika, alisema. Depo ile ilikuwa na mlango wa pili unaotokea uani. Mtu aliyebeba carton gizani angepita wapi?

"Vaa viatu," Cirhuza alisema. "Unakuja na mimi."

Mvua ilikuwa imepungua walipofika, na Substitut Adalbert alikuwa ameshasimama, funguo za gari mkononi.

"Mara moja tu," Cirhuza alimwomba. "Ikishindikana, utasaini faili mgongoni mwangu."

"Sababu ni mvua," substitut alisema, "si wewe." Lakini aliingia.

Ignace aliwekwa kwenye meza yake ya muziki na mkono wake wa kulia ukafungwa pingu kwenye mguu wa chuma. Cirhuza alimwonya asiguse kitu. Maman Delphine alisimama nyuma ya kaunta, alipokuwa Constantin. Substitut alikaa kwenye kiti katikati ya ukumbi. Ndipo Gérard akaletwa ndani.

"Wewe," Cirhuza alimwambia, "simama pale, mlangoni mwa depo."

Gérard hakusogea. "Pale? Sababu gani pale? Ile siku nilikuwa ku meza, huku mbele."

"Ninajua. Leo ninataka unitazamie kaunta kutoka mbali. Mwanga ukiangukia kaunta, kama ulivyosema, uniambie unaona nini."

"Ninaweza kuangalia kutoka huku."

"Gérard, simama pale inspekta anasema," Maman Delphine alidakia. "Tumalize."

Alikwenda. Aliuegemea mlango wa depo, mikono mifukoni, mfano wa mtu asiye na hili wala lile. Askari akawasha njia ya skana kidogo tu, akazima kabla hazijapata nguvu za kutosha kuonyesha chochote; ile ya siagi Cirhuza alikuwa ameifunika kwa gunia, na sasa, gizani, alilivuta kwa kamba likaanguka chini. Kama kijana atabaki mlangoni, yote yamekwisha. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alisikia mvua kwenye bati na kiatu kimoja kikikwaruza sakafu.

"Washa!"

Mwanga ukaruka kutoka darini na kutua juu ya mlango wa depo. Mlango ulikuwa mtupu. Mbao zake zilionekana zote, na bawaba, na misumari. Gérard alikuwa amebanwa nyuma ya nguzo, kando kabisa ya mwanga, mgongo ameuelekeza kwao, mkono ameukunja juu ya uso.

Substitut aliinuka kitini.

"Gérard," Cirhuza alisema. "Umetoka pale nilipokuweka."

"Mwanga... inaumiza macho."

"Ulikuwa haujafika." Cirhuza alitembea mpaka karibu yake, bila haraka. "Wewe umetuapia kwamba mwanga ule huangukia kaunta. Angalia kaunta, ni giza. Balbu hii iliwekwa mchana wa siku ile, na mlango umefungwa. Kisha nyumba ikatiwa lakiri. Kabla ya leo mwanga huu uliangukia mlango huu mara moja tu mbele ya watu, umeme uliporudi usiku ule; na leo tulipoujaribu, wewe ulikuwa Nyawera. Nani alikuambia uukimbie mlango huu, kama mwanga haukukukuta hapa usiku ule?"

Gérard akashusha mkono. Zile sentensi zake zisizobadilika hazikuja.

Aliyeongea ni Maman Delphine. Alitoka nyuma ya kaunta, akaja mpaka ukingoni mwa mwanga, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea.

"Gérard. Carton iko wapi?"

"Maman mudogo..."

"Nauliza carton."

"Iko Cyangugu, ng'ambo ya Ruzizi."

"Na Constantin? Alikulea, wewe. Alikuwa anakubeba ku mabega."

Gérard alianza kulia, kwa sauti mbaya ya mtu asiyezoea. "Nilitaka kuchukua na kupita. Aliita jina langu. Mu giza, akaita jina langu."

Maman Delphine alikaa chini sakafuni, na kitenge chake kizuri, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Askari alimshika Gérard mkono. Substitut Adalbert alikuwa amesimama. Alifungua mkoba wake, akaitoa ile karatasi ambayo hakuwa ameisaini bado, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa abacost. Hakumtazama Cirhuza.

"Chef," sauti ikaita kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Walikuwa wamemsahau. Ignace alikuwa bado ameinama kwenye meza yake, pingu imemvuta upande, macho yameelekea darini.

"Chef, ile ampule haikutengenezwa kwa skana. Ikisimama fasi moya vile, itapasua kioo. Muniachilie mukono nibonyeze."

Cirhuza alipapasa mfuko mmoja, kisha mwingine, akaupata ufunguo umelowana pamoja na kila kitu alichokuwa nacho. Alipiga goti mbele ya meza ya muziki na kuifungua pingu. Ignace alijisugua kifundo cha mkono mara moja tu, akanyoosha kidole, akabonyeza.